Singo Iliyokaa Chini ya Kitanda Changu

Kila Alhamisi mchana, kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao, wenzangu walikuwa wameshagawana safari. Tulikuwa wanafunzi wa kike kutoka nchi mbalimbali, tuliokuja Riyadh kusoma Kiarabu kwa muhula mmoja, na wikendi ya huko ni Ijumaa na Jumamosi. Waindonesia walikodi gari kwenda kupiga picha majabalini. Mturuki wetu alipanda basi la kuvuka daraja hadi Bahrain. Msichana wa Bosnia niliyelala naye chumba kimoja alikuwa na orodha ya miji ya kale ya jangwani, na kila aliporudi alikuwa na mchanga mpya viatuni na hadithi mpya mdomoni. Mimi nilikwenda Jeddah. Wikendi ya kwanza Jeddah, ya pili Jeddah, ya tisa Jeddah.

"Unakwenda tena kwa mama yako? Una bahati wewe," aliniambia huyo mwenzangu wa chumbani, tena kwa moyo safi.

Ningemwambia nini? Kwamba nakaa ndani ya basi karibu kilomita elfu moja ili nikamtazame mamangu akimkaangia mayai binti wa watu?

Nilikuwa na wivu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia sifa njema kuliko nilizo nazo. Haukuwa ule wivu wa kutamani kiatu cha mtu ukakisahau kesho yake. Ulikuwa wivu wa kunifanya nihesabu vijiko.

Mamangu aliondoka Mombasa nilipokuwa na miaka sita, akaenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya mtaa wa Al-Rawdah. Wengine hubadilisha kafili, yaani mwajiri anayewadhamini, kila mkataba ukiisha. Yeye alikaa na yuleyule miaka kumi na tano. Nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, naye alikuwa na miaka sita vilevile. Mimi nililelewa na bibi, mamake mama. Mama alikuja likizo mara nne, kila mara na masanduku mengi na siku chache, na nilipokaribia kumzoea alikuwa ameshaanza kuyafunga tena. Kwa hiyo chuo chetu kilipotuambia tuchague mahali pa kusoma muhula mmoja ng'ambo, wengine walichagua Cairo na Amman, mimi nikachagua Riyadh bila kuvuta pumzi. Mkataba wa mama ulikuwa unakwisha mwezi uleule wa kwisha muhula wangu. Nilikuwa nimejiapiza kwamba tutapanda ndege moja kurudi nyumbani, na kwamba safari hii harudi tena. Hilo ndilo nililoliendea. Sarufi na mashairi ya kuhifadhi yalikuwa nauli tu.

Ijumaa ya kwanza, teksi ilinishusha asubuhi mbele ya geti jeupe, shingo imekakamaa kwa kulala nimekaa. Nikabonyeza kengele. Alifungua msichana wa rika langu, mrefu kunipita, mpana wa mabega, nywele zikiwa bado na maji.

"Karibuuu, dadangu," akasema. "Mamako yuwaja, yuko jikoni yuwakaanga mahamri. Ingia bwana, usisimame juani."

Hakikuwa Kiswahili cha kitabuni. Kilikuwa cha kwetu, cha Mombasa, na ule mvuto wa "karibu" ulikuwa wa mamangu mwenyewe. Nilimsikia mama kabla sijamwona, akitoka kinywani mwa mtu mwingine. Nikatabasamu, nikasema ahsante, na nikamchukia palepale mlangoni ingawa hakuwa amenikosea chochote.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akanishika uso, akasema nimekonda. Alinikumbatia mpaka baibui langu likawa na alama nyeupe mgongoni. Sitaki kumsingizia: alinifurahia. Lakini tulipokaa kunywa chai alimwekea yule binti kikombe bila hata kumtazama, maziwa mengi, sukari moja, hiliki zimeopolewa. Kisha akaninyoshea birika mimi, akauliza kwa adabu kama unavyomuuliza mgeni, "Wewe wanywa ya rangi au ya maziwa?"

"Ya rangi," nikasema.

Siipendi chai ya rangi. Nimekunywa ya maziwa tangu kuota meno. Lakini kama hajui, basi asijue kabisa, nilijiambia, na kwa ujeuri huo nikanywa chai ya rangi kila Ijumaa muhula mzima.

Ijumaa, kuanzia chakula cha mchana mpaka Maghribi, zilikuwa saa za mama mwenyewe, hazina bosi. Nilizingoja wiki nzima. Siku ile ya kwanza nilijifunga mtandio, nikachukua mkoba, tukashuka, na nani namwona kakaa nyuma ya usukani?

"Nawapeleka baharini," akasema binti. "Teksi za nini?"

Mama akafungua mlango wa mbele, akaingia. Hakufikiri, ni mazoea. Binti alikuwa amepata leseni karibuni na huogopa makutano ya barabara asipokuwa na mtu wa kumtuliza. Mimi nikakaa nyuma na kapu la mahamri na katoni ya maji. "Tuta hilo, mama," mamangu alikuwa akimwambia. "Polepole, mama. Umeendesha vizuri, mama." Kwetu ndivyo mzazi anavyomwita bintiye akimdekeza. Mimi nilikuwa nimelizoea neno hilo kwenye simu, likikatikakatika kwa mtandao mbovu. Sasa nililisikia zima zima, nalo halikuwa langu.

Pwani tulitandika mkeka. Binti alikaa katikati.

Wikendi zilifuatana hivyo. Nilijaribu kila hila. Nilisema nataka kumpeleka mama kununua dawa, binti akasema duka la dawa liko njiani kwake. Nilisema tunataka kwenda kwa miguu, akavaa raba. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unamsema ukapumua. Huyu aliniletea vitabu vyake vya zamani vya sarufi, akanirekebisha matamshi, akanichekea. Nilikosa pa kumshika.

Mahali nilipomshika, mwishowe, palikuwa kwenye gauni.

Mama alikuwa na chumba chake kidogo juu ya paa, jirani na mashine za kufulia. Tulikuwa tumekaa kitandani tukikunja nguo, binti akaingia na gauni la mahameli ya buluu lenye shanga za fedha kifuani, dogo, la mtoto. "Dada, tazama nimelipata wapi!" Huko Jeddah mlezi wa watoto huitwa dada, hata akiwa na umri wa kumzaa anayemwita. Mimi nililitambua gauni lile kabla mama hajageuka. Nililivaa Idi nilipokuwa na miaka tisa. Nilipiga nalo picha, na picha ile iko sebuleni kwa bibi mpaka leo.

Mama akacheka. "Nilinunua mawili. Kila Idi nilikuwa nanunua mawili. Nampima huyu, mko sawa miaka."

"Nilichoka!" binti akasema. "Nasimama sokoni kama mlingoti, Dada yuwanizungusha, yuwanizungusha. Nikisema linanibana, ameshalipa."

Nguo zilikuwa zikitufikia Mombasa kwa sanduku, zimepita bandari ya Jeddah pamoja na mablanketi na sabuni. Na kila gauni lilikuwa pana mabegani. Bibi alikaa na sindano usiku wa kuamkia Idi akinipunguzia, huku akisema, "Mamako akuona mnene huko aliko." Mimi nililipenda neno hilo. Nilikuwa nikilala nikifikiri kwamba mama huniota, na kwamba katika ndoto zake nimenenepa. Kumbe hakuwa akiniota. Alikuwa akimpima mtu aliyesimama mbele yake.

Nilicheka nao. Kisha nikasema nina kichwa, nikashuka chini, nikakaa bafuni muda mrefu bomba likimwagika. Baadaye madam, mamake yule binti, alinikuta ukumbini macho mekundu akanikaribisha kahawa. Ni mama mpole, mwalimu, mtu wa maneno machache. Akaniambia kwa Kiarabu cha polepole ili nimwelewe, "Mama yako ndiye aliyemlea binti yangu. Mimi nilimzaa tu." Alikusudia kunipa heshima. Nami nikakumbuka ule msemo wetu, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, msemo ambao bibi aliupenda sana na ambao tangu siku ile mimi nikiusikia nausonya.

Katikati ya muhula habari ikatoka: binti anaolewa. Bwana harusi alikuwa mhandisi, kazi yake iko Riyadh, na huko ndiko wangekaa. Na kwa familia nyingine za huko, binti akiolewa mbali, aliyemlea hufuatana naye mpaka azoee nyumba yake. Baba mwenye nyumba, kafili wa mama, alimwita mama mbele ya mkewe, akamwambia ana hiari. Akitaka kwenda Riyadh na binti kwa miaka miwili, ikama, kibali chake cha kuishi nchini, itahuishwa. Akitaka kurudi kwao, atamwandikia hati ya kuondoka moja kwa moja, na Mungu amlipe kheri.

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nimesema nitafikiri."

"Cha kufikiri ni kipi? Mama, mimi nimekuja kukuchukua!"

"Tutaona," akasema.

Niliijua "tutaona" ile. Ndiyo niliyoambiwa kila nilipouliza kwa simu, Idi hii waja? Mahafali yangu waja? Nilirudi Riyadh nimeuma meno njia nzima. Ona sasa: mimi nimehamia Riyadh niwe karibu naye, yeye yuko Jeddah, na siku nitakayoondoka Riyadh ndipo atakapohamia, kwa ajili ya yule binti. Kama kuna mtu alikuwa akicheza nasi, alikuwa anacheza vizuri.

Wiki chache baadaye mama akanituma. Kulikuwa na mwanamke wa kwetu, mhasibu katika ofisi moja ya Al-Sulimaniyah, aliyekuwa ametoka likizo Mombasa na mzigo kutoka kwa bibi. Nikaufuate, kisha nije nao Jeddah. Nilimkuta jioni akifunga kazi. Kazaliwa Mombasa kakulia Nairobi, na mdomo wake una miji yote miwili.

"Nyanyako ni moto!" akaniambia. "Alinipigia mara tano before flight. Shika mzigo wako jamani, suitcase yangu yote inanukia harusi."

Ulikuwa umeshonwa ndani ya kipande cha kanga, uzi mwekundu, mishono ya bibi iliyosimama wima. Harufu ilinieleza kabla sijaufungua: liwa, dalia, karafuu, waridi kavu. Singo. Ile singo anayosuguliwa bi harusi siku saba kabla ya harusi mpaka ngozi yake ing'ae na kunukia hata akitoka jasho. Anayemsinga ni kungwi wake, yule anayemfunda mambo ya unyumba. Mamangu alikuwa amemwagizia yule binti singo kutoka kwetu, na bibi yangu, bibi aliyenilea mimi, alikuwa ametwanga kwa mikono yake mwenyewe akaishona.

Niliketi kwenye kituo cha basi na mzigo mapajani, nikalia kwa hasira. Chai, sawa. Kiti cha mbele, sawa. Magauni, haya. Lakini singo? Hiyo nilikuwa nimejiwekea. Sikuwa na mchumba wala dalili, ila niliamini kuwa kuna siku, na siku hiyo mama atakuwa hapo, na mikono yake itanijua upya kuanzia kisiginoni. Sasa mikono ile inakwenda kumjua mwingine.

Nikausukuma mzigo chini ya kitanda changu bwenini, nyuma ya viatu.

"Bado, mama," nikasema Ijumaa ile. "Yule dada hajarudi likizo."

Ijumaa iliyofuata nikasema amerudi lakini ana kazi nyingi, simu hashiki. Chumba chetu Riyadh kilikuwa kinanukia kama nyumba ya fungate. Mwenzangu wa Bosnia aliuliza ni nini kinachonukia vizuri hivyo, nikamwambia ni dawa ya mende.

Mara ya pili mama alikung'uta unga mikononi. Kisha akasema, "Basi labda si wakati wake." Nilifikiri asemea singo. Nikafurahi, na nikala mahamri matatu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipitia Mombasa lakini ilikuwa fupi vilevile. Mama alimpigia bibi, bibi akampigia yule mhasibu, mhasibu akasema, "Haki huyo msichana alishachukua, wiki tatu sasa, hata nikampa juice." Bibi hakunisema. Mama naye hakunisema. Alinipigia Jumatano moja, mitihani imekwisha, harusi imebaki wiki moja na siku moja, akasema maneno machache tu: "Kesho panda basi. Na mzigo wa bibi yako uje nao."

Nilifika Ijumaa asubuhi. Alinipeleka moja kwa moja chumbani kwake, akafunga mlango, akauweka mzigo kitandani baina yetu.

"Haya," akasema. "Nieleze."

Nilikuwa nimepanga kuomba radhi. Kilichotoka ni kingine. "Umemlea," nikasema. "Umemvisha, umemfundisha lugha yangu, umempima nguo zangu. Kaa mbele, kaa katikati. Na sasa wamsinga! Mimi utanisinga lini, mama? Mimi nina nini kilichobaki?"

Alinitazama sana. Halafu, Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga mtu, maana alicheka.

"Nikusinge? Mimi?" akasema. "Wewe umeona wapi mama akamsinga mwanawe wa kumzaa? Akamkalisha mkekani akamwambia mambo ya chumbani? Kwetu gani huko? Haya zitakwenda wapi?"

Nikautazama ule uzi mwekundu wa mzigo.

"Kungwi ni mtu kando," akasema. "Wewe siku yako nitakutafutia kungwi, na mimi nitakaa nje na shoga zangu, nikisikia mwacheka nijifanye sisikii. Huyu namsinga kwa kuwa si wangu. Angekuwa wangu singemgusa."

Nilijua. Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote, kwa sababu nilijua. Nimehudhuria harusi tangu nikiwa mgongoni mwa bibi; sijapata kumwona mama wa bi harusi ndani ya chumba cha singo. Kila mtoto wa Mombasa ajua. Lakini wivu ulinitoa ada zetu kichwani, nikaiona mikono ya kungwi nikaifanya ya mama.

"Na jingine sikiliza," mama akasema. Sasa hakuwa akicheka. "Nilikuwa nshaamua. Nitamsinga, nitakwenda naye Riyadh fungate, siku saba, kama kungwi yeyote. Ya nane nafunga mizigo. Kungwi hakai, akikaa ataitwa mke wa pili. Ndivyo nilivyotaka kuagana naye, nimalize halafu halas. Singo ilipokuwa haiji nikasema basi, pengine Mungu hataki niondoke bado. Juzi nilikuwa karibu ya kumwambia baba mwenye nyumba aihuishe ikama."

Kwa wiki tatu nilikuwa nimelalia safari ya mamangu, na nikajiona nimeshinda.

Siku ileile singo ikaanza. Mama aliichanganya na marashi ndani ya bakuli, akatandika mkeka chumbani kwake, akamwita binti. Nilikuwa nimeshika bakuli, nikataka kuingia nalo.

"Wewe wenda wapi?" akaniuliza. "Hujaolewa, na mimi ni mamako. Toka."

Nikatoka. Nje, kwenye korido ya paa, kulikuwa na viti viwili vya plastiki, na kimoja kilikuwa kimekaliwa na madam. Mama alikuwa amemweleza kwamba kwetu mzazi hukaa nje, naye akatii, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikakaa kile cha pili. Ndani tulisikia mama akisema kwa sauti ya chini, halafu binti akapiga kelele ya kicheko, halafu wote wawili wakacheka.

"Wanasema nini?" madam akaniuliza.

Mlango ulikuwa mwembamba na Kiswahili kilikuwa cha kwetu. Nilikuwa nimeelewa kila neno, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulitamka mbele ya mtu mzima, kwa lugha yoyote.

"Wanazungumza mapishi," nikasema.

Madam akatikisa kichwa. Alizungusha pete yake. Kisha akasema, bila kunitazama, "Miaka kumi na tano wanacheka hivi, na mimi sijui wanacheka nini."

Sikuwa nimewahi kumfikiria. Wivu wangu ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Nilisogeza kiti changu kidogo upande wake, tukakaa hivyo mpaka walipomaliza, na siku zote saba tulikaa hivyo.

Harusi ikapita, nzuri, kelele tupu. Bwana harusi hakuwa na likizo, kwa hiyo wakaenda moja kwa moja Riyadh, na mama pamoja nao. Nilirudi bwenini kungoja. Wenzangu walikuwa wameshaondoka, na msimamizi alikuwa amenipa mpaka Jumamosi ya mwisho. Tiketi mbili nilikuwa nazo kwenye simu. Siku ya sita mama akapiga.

"Yuwaniomba nikae mwezi mmoja tu," akasema. "Yuwalia tangu asubuhi. Hajui hata kuwasha jiko lile."

"Ukasemaje?"

"Sijasema."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nayo tangu miaka sita, nimeyapanga kwa ukubwa. Nikayameza. Singeweza kumwomba, maana safari hii nilitaka aje kwa kutaka. "Nitakuja Jumamosi saa nne asubuhi," nikasema, nikakata simu, na siku mbili zile nilikula tende tu.

Saa nne teksi ikasimama mbele ya jengo lao. Saa nne na nusu dereva akaanza kusema yalla, yalla. Nilimwambia angoje. Nilikuwa nimeshaanza kutunga nitakachomwambia bibi mlango ulipofunguka, mama akatoka na masanduku mawili, binti nyuma yake, uso umevimba, hana hata viatu.

Mama akaingia ndani ya gari, nyuma. Binti akaja dirishani kwangu.

"Goti lake la kushoto humuuma asubuhi," akaniambia. "Usimwache apande ngazi kabla hajalisugua. Dawa ya presha ni baada ya chakula, atakudanganya kuwa amekula. Kahawa mwisho Alasiri. Na akinyamaza sana usimuulize, kaa tu karibu yake."

Nilisikiliza kila neno kwa wivu mtupu, na nilisikiliza kwa makini, kwa kuwa sikulijua hata moja. Nikamwahidi. Akanishika mkono kupitia dirishani, akauachia.

Mama alianza kulia ndege ilipoacha ardhi. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, yakimwagika kwenye mtandio, saa moja, saa mbili, mhudumu akaleta maji akaondoka. Nilikuwa nimekaa naye kiti kwa kiti, mkono wangu umegusana na wake, nimempata, ni wangu, na wivu ulikuwa palepale ulipokuwa siku ya kwanza mlangoni. Kwa sababu nilijua anamlilia nani. Nilijaribu kukumbuka kama alinililia hivi mimi siku alipoondoka Mombasa, nikakumbuka kuwa siku hiyo niliamka nikamkuta hayupo. Walikuwa wameamua nisiamshwe.

Aliniambia nikae tu, yule binti. Mimi nikauliza.

"Mama. Siku ile uliyoniacha nimelala. Ulilia?"

Aligeuka akanitazama kwa yale macho yaliyovimba.

"Sikulia," akasema. "Ningelia, nisingekwenda."

Kisha akachukua leso yangu mkononi mwangu, akapenga kamasi, akaendelea kulia.